Wakala wa ajira wa Mikocheni: simu ya usaili ikishindikana, kuna mtu wa kumtafuta

Huwa nawapima mawakala wa ajira kwa jambo moja: simu ya usaili ikishindikana, nampata mtu wa kuzungumza naye, au naachwa niulize ukuta? Kwa kipimo hicho, ofisi moja ndogo iliyoko Mikocheni, Dar es Salaam, imenihudumia vizuri kuliko wakala yeyote niliyewahi kupita mikononi mwake. Jina lao naliacha, kwa sababu nina ya kuwakosoa pia, na kijana aliyenihudumia bado yuko kazini pale.

Mimi ni mtu wa nyaraka za forodha. Nimekaa miaka Kurasini nikifuatilia makontena kwenye bandari kavu, yaani yadi za mizigo zilizo nje ya bandari yenyewe, nikiingiza taarifa za mzigo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), nikikimbizana na mawakala wa meli ili hati ya kutolea mzigo itoke kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kuhesabika. Ofisi niliyokuwa nafanya ilipopunguza watu, nikapeleka CV Mikocheni. Walinipokea, wakakagua vyeti, wakanipangia usaili na kampuni ya usafirishaji kwa simu ya video. Siku yenyewe ikawa Jumatatu, Mei 13, 2024, saa tatu asubuhi.

Wengi mtaikumbuka siku hiyo. Jumapili yake, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipata hitilafu, na intaneti Tanzania ikazorota karibu nchi nzima. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alieleza kwamba tatizo liko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwangu Tabata, WhatsApp ilikuwa inazunguka tu bila kufunguka. Bando nilikuwa nalo, simu ilikuwa na chaji, shati limepigwa pasi. Saa tatu ikafika, ikapita, na ile simu ya video haikuingia hata mara moja.

Hapo ndipo tathmini yangu inapoanza hasa. Siku waliponisajili, ofisi hii ilinipa namba ya mkononi ya afisa anayeshughulikia faili langu, nikaambiwa: dada, likitokea lolote mtumie huyu meseji ya kawaida. Nilipoambiwa niliona ni jambo dogo, lakini Jumatatu ile ndilo lililoniokoa. Barua pepe haikuwa inakwenda. WhatsApp imelala. Meseji ya kawaida na simu ya kawaida vilikuwa vinafanya kazi, kwa sababu havipiti kwenye njia hiyo ya baharini.

Niliandika jina langu kamili, halafu hivi: «Habari ya asubuhi kaka. Nilikuwa na usaili wa afisa nyaraka leo saa tatu. Intaneti imezorota tangu jana na video haifunguki. Kwa simu ya kawaida napatikana siku nzima kwa namba hii, na nikihitajika ofisini naweza kufika kabla ya saa sita.» Basi. Sikumpigia mfululizo, sikubipu, sikumwandikia mama yeyote ninayemfahamu pale ndani aniombee. Kwa uzoefu wangu, meseji ya namna hii hufanya kazi kuliko simu kumi. Afisa anaweza kuisoma akiwa kikaoni, na akitaka kumweleza mwajiri anayo tayari: nani, nafasi gani, saa ngapi, nini kilitokea, na lini napatikana.

Majibu yalikuja kabla ya mchana. Kijana yule alisema wasailiwa wote wa asubuhi ile wamekwama, ameshaongea na mwajiri, na usaili utafanyika kwa simu ya kawaida katikati ya wiki. Naomba mlipime jambo hili kwa uzito wake. Angeweza kunyamaza na kumwachia mwajiri aamini kwamba sikuwa makini. Wakala analipwa na mwajiri, na watu wenye CV kama yangu wako wengi mjini. Yeye alichukua dakika kadhaa kunilinda jina langu mbele ya mtu ambaye hajawahi kuniona.

Nilithamini zaidi kwa sababu mapema mwaka huohuo nilipitia kinyume chake kwa wakala mwingine, mwenye ofisi maeneo ya Posta. Nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala, muziki juu, watu wamebanana, ikaingia simu kutoka namba ya mezani, zile zinazoanza na 022, ikakatika kabla sijaitoa kwenye mkoba. Niliposhuka nikapiga. Mtu wa mapokezi akasema hapo zinatoka simu nyingi, hajui ni nani aliyenitafuta wala kwa nafasi ipi, nisubiri nitapigiwa tena. Namba ya mezani huwezi kuitumia meseji. Niliandika barua pepe kwa anwani iliyokuwa kwenye tangazo, kimya. Baadaye ukaja ujumbe wa kompyuta kwamba sikujitokeza kwenye usaili, kwa hiyo ombi langu limefungwa. Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna usaili. Hiyo simu moja iliyokatika ndiyo ilikuwa usaili wenyewe! Bado inaniuma, na naamini mawakala wengi hawajui ni watu wangapi wazuri wanaowapoteza kwa utaratibu wa hivyo.

Na lisemwe pia kwa nini watu hawapokei namba wasizozijua. Tumechoka na meseji za «ile hela tuma kwenye namba hii», na matapeli wa ajira ndio wamezidi: wanapiga, wanakupongeza, halafu wanataka hela ya fomu au ya vipimo vya afya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi hamtozi mtafuta kazi. Mikocheni hawakunitoza hata shilingi, na siku ya kwanza walinionyesha leseni yao bila mimi kuomba. Lakini wao nao, siku ya usaili wa pili, walinipigia kwa namba ambayo sikuwa nayo. Niliipokea kwa sababu nilikuwa nasubiri. Mwenzangu aliyezoea kuachia namba ngeni ziite hadi zikate angeikosa. Wangetutumia tu meseji mapema: tutapiga kwa namba hii.

Kasoro ya pili ni saa. Niliambiwa simu itakuja «kati ya saa nne na saa kumi». Huo ni muda wa kutwa nzima. Nilikaa chumbani dirisha limefungwa kwa ajili ya kelele za gereji ya jirani, joto la Dar mnalijua, siendi dukani wala bombani. Mtu mwenye mtoto mdogo au mwenye kibarua cha siku angefanyaje? Mwajiri ana shughuli, naelewa, ila hata kugawa kabla ya mchana na baada ya mchana kungesaidia sana.

Usaili wenyewe ulikwenda vizuri, ulihusu mizigo ya kwenda Zambia na Kongo na jinsi ya kushughulikia tofauti kati ya manifesti, yaani orodha ya mzigo, na mzigo halisi. Kazi sikuipata. Nilisubiri wiki, nikamwandikia kijana yule kumuuliza, naye akanipigia mwenyewe. Alisema wamemchukua mtu aliyefanya kazi mpakani Tunduma, na kwamba mwajiri aliniona nimebobea kwenye bandari lakini sijagusa upande wa mpaka. Akanishauri niitaje kwenye CV ile miezi niliyoshughulikia mizigo ya treni, ambayo nilikuwa nimeifukia chini kabisa. Ningependa wangeniambia kabla sijauliza, lakini jibu lenyewe lilikuwa la kweli na nimelitumia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Mkienda, nendeni asubuhi, mchana foleni ya pale mapokezi ni ndefu na viti havitoshi. Bebeni nakala za vyeti pamoja na vyeti vyenyewe, na msitoke bila namba ya mkononi ya afisa wenu. Wiki hii wamenitumia meseji kuhusu nafasi bandari kavu ya Kwala, wakiuliza kama niko tayari kuhamia Kibaha. Nimejibu kwamba niko tayari, na nimewaomba waniambie saa watakayopiga.