Kujitolea mtandaoni kupitia UNV: kunamfaa mwanafunzi wa chuo kikuu?

Huduma hii ya UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wanaojitolea, haina ada wala malipo. Ukiwa na miaka 18 unafungua akaunti, unajaza wasifu, unaomba kazi: tafsiri, usanifu wa mabango, utafiti. Kazi moja haizidi wiki 12, na saa 20 kwa wiki. Msimu wa mitihani hata 10 ni mzigo.

Wasifu ndio unaowaangusha wengi. "Najua kompyuta" haimwambii msimamizi kitu. Andika kwamba unasafisha data za dodoso kwa Excel, na una saa ngapi za kutoa.

Udhaifu wake ni maelezo ya kazi, ambayo wakati mwingine ni ya jumla mno, huku msimamizi akiwa nchi ambayo saa zake ziko nyuma ya zako kwa saa nane. Kabla ya kukubali, uliza kinachotakiwa mwishoni ni nini hasa na nani atakikagua. Usipouliza, ripoti itaandikwa upya hadi muda uishe.

Ukitaka kazi ihesabiwe chuoni, mhadhiri aidhinishe malengo kabla hujaanza, nawe uandike kila wiki ulichojifunza. Cheti cha kujitolea pekee hakimtoshi mhadhiri. Anayetaka kuishi na watu ugenini atafute nafasi za kusafiri. Hii si yake.