Ruti kanali Nakuru: kazi safi, bei ina kona

Watu huuliza, jino lililooza ling'olewe au lifanyiwe ruti kanali, yaani kusafishwa na kujazwa ndani ya mizizi? Kwanza jibu: kama jino lako bado lina ukuta wa kutosha na mfuko unaruhusu, lifanyie ruti kanali, usiling'oe. Maumivu si tatizo. Tatizo ni hesabu, na nitaifikia.

Mimi nilitibiwa jego la chini, upande wa kulia, katika kliniki ya kibinafsi hapa mjini Nakuru. Sitaitaja jina, maana kazi yao ya meno naisifu na kazi yao ya risiti siisifu.

Jego lenyewe lilikuwa limetoboka kitambo. Mwanzoni chai ya moto ikiligusa lilivuta kidogo kisha likatulia. Baadaye likawa halitulii, linapwita tu, na ukiweka kichwa kwenye mto ndipo linapoamka kabisa. Mtu mwenye jino la namna hiyo hakosi washauri. Mama alinipa karafuu niume. Jirani akasema maji ya chumvi. Kijana wa chemisti akaniuzia antibiotiki, shavu likapungua, nikarudia nyama choma zangu, halafu uvimbe ukarudi ukiwa na hasira kuliko mwanzo.

Kwa nini ulirudi, daktari alinieleza vizuri. Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka ndani ya mizizi mpaka nchani. Tundu likifika hapo bakteria wanaingia, na kiini kinavimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimbia. Kikishakufa, damu haipiti tena humo, kwa hivyo tembe unazomeza haziwafikii bakteria waliojificha ndani. Zinapunguza uambukizi uliotoka nje na kuingia kwenye taya, basi. Chanzo kinabaki palepale kikingoja dozi iishe. Alinionyesha kwenye eksirei: chini ya ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi. "Hapa mfupa umeanza kuliwa," akasema. Njia zikawa mbili, kutoa jino zima, au kusafisha ndani na kuliacha mahali pake.

Nilimuuliza pia kuhusu rangi ya meno yangu. Sisi tuliokulia upande huu wa Bonde la Ufa kwa maji ya visima tunaijua hiyo kahawia. Akasema ile ni floraidi nyingi iliyoingia meno yakiwa bado yanajijenga utotoni, na si kuoza. Tundu langu lilitokana na mambo ya kawaida: sukari, bakteria na muda.

Sasa kiti chenyewe. Sindano ya ganzi ilichoma kidogo, mdomo wa chini ukafa upande mmoja, lakini daktari alipogusa jino nikaruka. Hakushangaa. "Pole dada, jino likiwa limewaka hivi ganzi huwa inasumbua kushika," akasema, akaniongeza nyingine. Baada ya hiyo sikusikia maumivu tena, nilisikia tu mtetemo na mikono ikifanya kazi. Ukiwa kwenye kiti na bado unasikia uchungu, inua mkono useme. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Kitu ambacho sikukitarajia ni mpira. Walinyoosha karatasi ya mpira mwembamba juu ya kifremu, ikafunika kinywa chote na kuacha jego lile moja likichungulia. Kazi yake ni kuzuia mate yasirudishe bakteria ndani, na kuzuia vifaa vidogo visiangukie kooni. Taya linachoka, hilo nakiri, ila ukiona kliniki wanafanya ruti kanali bila mpira huo, waulize kwa nini. Kisha ikaja harufu ya Jik. Nilidhani mtu anapiga deki. Kumbe ndiyo dawa ya kusafishia mizizi, sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile ya kung'arishia nguo ikiwa imepimwa kwa kazi hiyo.

Mizizi inasafishwa kwa tupa ndogondogo, nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Kuna na kimashine kinacholia mlio wa haraka tupa ikikaribia ncha ya mzizi, ili daktari asipitilize. Jego langu lilikuwa na mifereji mitatu, miwili kwenye mzizi wa mbele na mmoja kwenye wa nyuma. Alisema magego ya chini mara nyingi ndivyo yalivyo, mengine yana minne, na mfereji mmoja ukisahaulika ugonjwa hurudi. Ndiyo maana jego linachukua muda na pesa kuliko jino la mbele, ambalo kwa kawaida lina mfereji mmoja.

Aliweka dawa ndani, akaziba kwa muda, na ile ziba ilinukia karafuu. Nikamwambia mama alinipa karafuu pia. Akacheka: ziba hiyo huchanganywa kwa poda ya zinki na mafuta yanayopatikana kwenye karafuu. Mama nilipomsimulia alijisifu jioni nzima.

Niliporudi, mifereji ilijazwa gutapacha, aina ya mpira unaotokana na utomvu wa miti ya kule Malaysia na jirani zake. Siku chache za kwanza jego liliuma kidogo nikiling'atia kitu, ibuprofeni ikatosha.

Hesabu sasa. Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa elfu kumi na tano. Nikajipanga, bima ikakubali. Siku ya kumalizia, mapokezi wakaniambia krauni, yaani ile kofia ya kufunika jino, ni elfu ishirini nyingine. Bima ikakataa kuilipia. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno, lakini kumtajia mgonjwa wa jego bei ya mizizi peke yake ni kumtajia nusu ya safari. Jego lililokwisha kulika, kisha likatobolewa tena kwa matibabu, limebaki kuta tu, na ndilo linalobeba uzito wote wa kutafuna. Bila kofia linaweza kupasuka, na ufa ukishuka mpaka kwenye mzizi linang'olewa tu, pesa za mwanzo zimekwenda. Jino la mbele mara nyingi linatosheka na kuzibwa. Jego, mara nyingi halitosheki.

Kwa hivyo ukipiga simu, uliza bei ya jino likiwa limekwisha kabisa: eksirei, mizizi, kujaza na krauni, jumla ngapi. Uliza bima kuhusu krauni kwa jina lake, na upate jibu la maandishi. Na daktari mwenyewe mtafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, mtandaoni kama ana leseni, maana mtu yeyote anaweza kukodi chumba orofani na kuandika "dental" mlangoni.

Kung'oa nako si dhambi. Jino lililopasuka mpaka kwenye mzizi, au linalotikisika kwa sababu fizi na mfupa vimelegea, daktari mkweli atakuambia utoe. Lakini kung'oa kunaonekana rahisi siku ile tu. Pengo likibaki, meno ya jirani huanza kuegemea, na ukija kutaka jino la kupandikiza utakuta bei yake inaipita ruti kanali na krauni zikiwekwa pamoja.

Krauni yangu ni ya chuma iliyovikwa kaure. Natafunia mahindi ya kuchoma upande ule. Eksirei ya kufuatilia ilionyesha kile kivuli kimeanza kufifia, mfupa unarudi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku watakapobandika bei kamili pale mapokezi.