Fleki ipi ununue kwanza: mwongozo kwa wavuta kiko wa Tabora

Mvuta kiko wa Tabora analijua jani kabla hajalijua kopo. Virginia iliyomo ndani ya fleki nyingi za Ulaya, yaani tumbaku ya kiko iliyoshindiliwa na kukatwa vipande bapa, ni jamii ileile ya tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Ila ya kwetu ikishatoka bani, nyumba ya kukaushia kwa joto, huchambuliwa, hupewa daraja, hufungwa marobota na kuuzwa kupitia vyama vya msingi, na sehemu kubwa huishia kwenye sigara za nchi za mbali. Fleki yenyewe huletwa hapa zaidi na msafiri, ndani ya begi. Kopo la namna hiyo halirudishwi dukani, na ndiyo maana inafaa kujua unachoagiza kabla hujatoa hela.

Neno moja la lazima kwanza. Moshi wa kiko husababisha saratani ya mdomo, ulimi, koo na mapafu hata kwa asiyeumeza, na nikotini hufunga mtu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Asiyevuta asianze kwa sababu ya mwongozo huu. Umeandikwa kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta na anataka kujua tofauti ya kopo na kopo.

Fleki huanza kwa majani yaliyotolewa uti wa kati. Hulowanishwa, hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha hubanwa kwa mashine kwa saa kadhaa au siku kadhaa. Wengine hubana kwa baridi, wengine kwa joto na mvuke. Linalotoka ni bonge gumu kama sabuni ya mche, nalo hukatwa kwa kisu vipande vyembamba. Joto na mgandamizo huchanganya sukari na utomvu wa majani yote, ukali hupungua, na rangi hukolea kutoka manjano kuelekea kahawia. Kwa kuwa jani limebanana, moto hupita polepole. Hapo ndipo fleki inapoishinda tumbaku iliyochambuliwa nyuzinyuzi: mshiko mmoja huvutika muda mrefu, na ladha hubadilika kadiri moto unavyoshuka.

Ukichagua, angalia sukari, kisha nguvu, kisha maji. Harufu ya kopo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayodanganya wengi.

Sukari hutegemea namna jani lilivyokaushwa. Ndani ya bani, siku za mwanzo za joto la chini, jani likigeuka manjano, wanga wake huwa sukari, kisha joto hupandishwa na sukari hiyo hubaki imefungiwa ndani. Kwa hiyo Virginia ni tamu, lakini moshi wake huelekea uchachu na huwaka kwa moto mkali ukiharakisha. Tumbaku ya hewa, yaani Burley, hukauka taratibu kivulini na hutumia sukari yake karibu yote kabla haijafa. Moshi wake haubani ulimi kwa namna ileile, lakini nikotini yake hupenya kwenye ngozi ya mdomo kwa urahisi zaidi. Tumbaku ya moshi hukaushwa juu ya moto wa kuni, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

Nafasi ya kwanza: Orlik Golden Sliced

Inatengenezwa Denmark. Msingi wake ni Virginia za rangi ya dhahabu, vipande vyembamba vilivyonyooka, na juu yake kuna harufu nyepesi ya ndimu au chungwa. Ladha ni ya nyasi kavu, mkate, na utamu kidogo. Nguvu ni ndogo hadi ya kati, kwa hiyo mtu hatalala chini kwa kizunguzungu.

Tunaiweka juu kwa sababu ya maji zaidi kuliko ladha. Hufika ikiwa na unyevu wa wastani, na kwa kuwa vipande ni vyembamba, kiangazi cha Tabora huviweka sawa ndani ya dakika 15 hadi 20. Hushika moto bila kugombana na kiberiti. Ubaya wake ni kwamba kwa kuwa inawaka vizuri, mvutaji huisahau na kuvuta kama sigara, na ulimi huungua. Pumzi moja ndogo, kisha acha kiko kifuke chenyewe kwa sekunde kadhaa ndipo uvute tena. Bakuli la kiko likiwa moto kiasi kwamba huwezi kuliweka shavuni, umekwenda mbio. Liweke chini dakika mbili.

Nafasi ya pili: Samuel Gawith Full Virginia Flake

Kwa ladha peke yake hii ndiyo ya kwanza, na hatuoni haya kusema hivyo. Hutoka Kendal, kaskazini mwa Uingereza, kwa watu ambao kampuni yao inahesabu umri wake tangu 1792. Ni Virginia iliyobanwa kwa joto hadi imekuwa kahawia iliyokolea, vipande vinene na virefu, vyenye mafuta kidogo mkononi. Utamu wake ni wa matunda yaliyopikwa na sukari guru. Nusu ya kwanza ya bakuli ni laini, na karibu na mwisho hutoka ladha nzito kama ya chai iliyokolea.

Kinachoishusha ni maji. Hufika imelowa, na wengi wanaoilaumu waliijaza kwenye kiko moja kwa moja kutoka kopo. Jani lililolowa halina moto wake. Mvutaji anavuta kwa nguvu ili lisizime, maji yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaochoma ulimi huku kiko kikikoroma kwa majimaji chini ya bakuli. Watu husema tumbaku ni kali kumbe ni mbichi.

Toa kipande jioni unayotaka kuvuta. Kifikiche nusu, kitandaze kwenye sahani au karatasi safi, ndani ya nyumba, mbali na jua na mbali na jiko la mkaa, maana hunyonya harufu. Kati ya Juni na Septemba, hewa ya Tabora ikiwa kavu, dakika 40 hutosha. Masika, kuanzia Novemba, hesabu saa mbili au zaidi. Kigoma karibu na ziwa ongeza muda hata wakati wa kiangazi. Usiamini saa peke yake, jaribu kwa vidole: bana kidogo kati ya dole gumba na cha shahada, kisha achia. Ikibaki donge, bado. Ikifunguka polepole yenyewe, tayari. Ikivunjika unga, umechelewa, na moshi wake utakuwa moto na mtupu.

Nafasi ya tatu: Escudo

Hii si fleki ya mstatili. Majani husokotwa kuwa kamba nene, hubanwa, kisha hukatwa vipande vya duara kama sarafu. Ndani yake Virginia imeungana na perike, tumbaku ya parokia ya St. James kule Louisiana, Marekani, ambayo hushindiliwa ndani ya mapipa na kuachwa ichachuke katika maji yake kwa muda wa karibu mwaka. Perike kidogo huleta pilipili manga puani na ladha ya tini au zabibu kavu. Haibani ulimi kama Virginia tupu, na kwa hiyo inamfaa mtu aliyeshindwa na Golden Sliced. Sarafu mbili au tatu hujaza kiko cha kawaida. Kwa mtu wa Kigoma anayevutia nje jioni, upepo wa ziwa ukivuma, hii huvumilia kuliko nyingine.

Nafasi ya nne: Mac Baren HH Old Dark Fired

Msingi wake ni Kentucky, aina ya tumbaku ya moshi iliyokaushwa kwa moto wa kuni, ikiunganishwa na Virginia na kubanwa kwa joto. Inanuka kama ukuta wa jiko la kuni, lakini mdomoni ina utamu wa ajabu. Ni tumbaku ya mtu aliyekwisha kula. Ukiivuta na njaa utaanza kwikwi, kisha jasho, kisha kichefuchefu. Hiyo ni nikotini. Weka kiko chini, kunywa kitu chenye sukari, na usiendelee siku hiyo. Jaza nusu bakuli mara za kwanza. Kampuni ya Mac Baren ilinunuliwa mwaka 2024 na Scandinavian Tobacco Group, kwa hiyo ukiikosa mahali ulipoizoea usishangae.

Nafasi ya tano: Samuel Gawith 1792 Flake

Mtanzania angependa kuiweka juu, kwa sababu maelezo ya mtengenezaji hutaja jani la moshi la Tanzania ndani yake. Jani hilo halitoki kwetu Tabora. Tumbaku ya moshi ya nchi hii ni ya Ruvuma, upande wa Songea na Namtumbo, wakati Tabora ni mvuke. Fahari ni ya wakulima wa kusini, na ni fahari halali.

Ila kama ununuzi wa kwanza haifai. Ni nzito sana, ni nene, ni mbichi kama ndugu yake wa nafasi ya pili, na imetiwa harufu ya tonka, mbegu ya Amerika ya Kusini yenye mnukio wa vanila na nyasi zilizokatwa. Harufu hiyo huingia kwenye mti wa kiko na haitoki haraka. Anayeitaka atenge kiko chake peke yake. Kiko cha gunzi la mahindi kinatosha, ni rahisi, na kikichoka hakitupwi kwa uchungu.

Ya mwisho: Erinmore Flake

Ukifungua kopo, harufu ya nanasi na matunda hujaza chumba na kila aliye karibu huisifu. Virginia iliyo chini yake si mbaya. Lakini umenunua marashi, na marashi huisha katika robo ya kwanza ya bakuli. Inafaa kwa anayevuta sebuleni penye wageni.

Namna ya kuijaza, na kinachoharibika

Kopo la kawaida ni gramu 50. Kiko cha ukubwa wa kati hula gramu mbili hadi tatu, kwa hiyo hesabu mijazo 17 hadi 25 kwa kopo. Mwuzaji akikupa kopo lililokwisha funguliwa, hata kwa nusu bei, liache.

Njia ya kufikicha ndiyo ya kuanzia. Viringisha kipande kati ya viganja hadi kiwe nyuzi, dondosha ndani ya bakuli kwa mafungu matatu: la kwanza lisishindiliwe kabisa, la pili kwa kidole chepesi, la tatu kwa nguvu kidogo. Nyonya kabla ya kuwasha. Hewa ipite kama unanyonya maji kwa mrija mpana. Ikiwa ngumu, mwaga na ujaze upya, kwa maana kiko kilichojazwa vibaya hakirekebishiki kikiwaka.

Njia ya kukunja ni kukunja kipande kizima mara mbili na kukisukuma ndani, kikisimama wima, huku ukiweka vumbi kidogo la tumbaku juu ili moto ushike. Inaungua polepole zaidi. Kosa la kawaida ni kuacha nafasi finyu: kipande kikipata moto huvimba, na kilichojaa pomoni huziba. Acha nafasi pembeni.

Washa mara mbili. Moto wa kwanza huinua majani juu, nao hufa. Bonyeza taratibu kwa msumari wa inchi tatu wenye kichwa bapa, kisha washa tena. Ukitumia njiti, ngoja kichwa chake kiungue kwanza, usivute baruti. Kiko kikikoroma, pitisha unyoya wa kusafishia hadi chini ya shina, na baada ya hapo kipumzishe siku nzima. Majivu usiyagonge kwenye nyasi kavu. Kiangazi cha miombo kinawaka kwa cheche, na mizinga ya nyuki ya watu iko humo.

Kopo likifunguliwa, hamishia tumbaku kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Chupa za asali, ambazo ni tele mjini, ni nzuri, mradi uzioshe kwa maji ya moto na kuzikausha kabisa, maana tone moja la maji huleta ukungu. Tumbaku iliyokauka usiitie ganda la chungwa au kipande cha kiazi, nalo ni njia ya ukungu vilevile. Itandaze kwenye sahani, funika kwa kitambaa chenye unyevu kisichoigusa, kagua kila saa. Ukiona manyoya meupe au ya kijani juu ya kipande, au harufu ya stoo yenye unyevu, tupa chupa nzima, hata kama kilichoguswa ni kipande kimoja tu.