Katuni za mtandaoni: utani wa kupendana au kejeli ya kuchoma?

Hapa Kampala katuni tunazotumiana WhatsApp ziko za aina mbili. Kuna ile inamcheka mtu wa boda lakini mchoraji anamjua vizuri, amechora mpaka ile jaketi nzito anavaa kinyumenyume azuie upepo kifuani, na jamaa mwenyewe akiiona anacheka anawatumia wenzake wa steji. Mtu asiyewapenda hawezi kuchora vile. Halafu kuna ile inamchora kama mjinga tu, meno nje, kabila lake limeandikwa kando, eti kejeli, hapana bana, hayo ni matusi.

Lakini kwa wakubwa mimi nasimama upande mwingine kabisa. Waziri si lazima apendwe ndo achorwe. Mwaka 2023 mchoraji Jimmy Spire Ssentongo aliwaita watu waposti mashimo ya barabara za Kampala kama maonyesho, picha zikamiminika, wakubwa wakaona aibu, na rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wapewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba, sasa angeomba kwa upole nani angesikia? Januari mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ilikuwa imefuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi, na mimi nilifurahi sana.

Kwa hiyo ukichora muuza rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, mpunguzie makali, ana watoto wanaoona hizo simu. Mbunge mchore na makali yake yote.