Home Assistant kwa nyumba ya Dodoma: ya bure, ila ina wenyewe

Kwa nyumba ya Kisasa au Nzuguni yenye simtanki na pampu, Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya umeme vya nyumbani, inafaa sana. Ni bure, inaendeshwa humo humo ndani, na intaneti ikikatika swichi za Zigbee (mawimbi ya redio ya humo ndani) zinaendelea na kazi. Iweke kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2 au zaidi, pamoja na diski ya SSD. Kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika umeme ukikatika data ikiandikwa.

Tatizo ni viunganishi vya HACS, yaani programu ndogo za nyongeza zisizo rasmi zinazounganisha vifaa na Home Assistant. Vingi huandikwa na mtu mmoja, bila malipo. Toleo jipya la Home Assistant hutoka kila mwezi, nacho kiunganishi hulazimika kwenda nalo. Mwandishi akichoka, kiunganishi kinakufa na pampu inayokitegemea haiwaki. Chukua nakala rudufu kabla ya kusasisha, na boya la tangi libaki na swichi yake ya kawaida.

Usajili wa Nabu Casa (huduma ya kulipia ya Home Assistant) hugharimia zaidi mfumo mkuu. Mwandishi wa kujitolea mlipe mwenyewe kupitia GitHub Sponsors, huduma ya kuchangia waandishi wa programu, isiyokata kitu kwenye mchango wa mtu binafsi. Tovuti ya michango ya Buy Me a Coffee hukata asilimia 5. Na mafundi mnaotoza ufungaji (ndiyo, nyinyi), wekeni fungu la mwandishi huyo kwenye ankara.