Uzoefu wangu: Nilipeleka picha za pikapu ya babu kuskaniwa jijini

Picha za familia yetu zilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya, Majengo, Pumwani. Zilikuwa mia moja na kumi na nne, na karibu kila ya tatu ilikuwa na gari. Babu alikuwa mchukuzi. Alibeba viazi, kabichi na vitunguu kutoka mashambani hadi soko la Marikiti, na siku ambayo hakuwa na safari aliiosha pikapu yake, akaiegesha mbele ya nyumba na kumwita mpiga picha. Wenzake walipigwa picha na redio au kochi jipya. Sisi tulipangwa mbele ya boneti ya Peugeot 404: Idi, harusi, mtoto wa arubaini, mgeni kutoka Mombasa, wote hapo hapo.

Mvua za Aprili zilipovuja paa, maji yakafika kwenye sanduku. Nilipolifungua niliona picha mbili zimeshikana na nyingine imeganda kwenye kioo cha fremu yake. Nikaona tukingoja mvua nyingine tutabaki na karatasi tupu. Jirani mmoja akanielekeza studio iliyo ghorofani upande wa River Road, inayoskani picha za zamani na kuzitengeneza. Jina lake sitalitaja. Yaliyonipata nitayaeleza yote, mema na mabaya, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa Nairobi zina sanduku kama la nyanya.

Kwanza bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Niliambiwa shilingi 70 kwa picha ya karatasi, 150 kwa negativu (ile filamu ambayo picha husafishwa kutoka kwayo), na 500 kwa kila picha nitakayotaka "ifufuliwe". Nililipa nusu kwa M-Pesa, nusu nikaahidi siku ya kuchukua. Waliniambia wiki moja. Zilikuwa wiki tatu. Simu zangu mbili hazikujibiwa, na ukizingatia kwamba nilikuwa nimewaachia kumbukumbu zote za ukoo, usingizi haukuwa mwema siku hizo.

Kazi yenyewe ya kuskani ilinifurahisha sana, na hapa lazima nimsifu kijana aliyenihudumia. Alizihesabu picha mbele yangu mara mbili, akaandika idadi kwenye risiti, akazipanga katika bahasha zenye namba. Vumbi alilitoa kwa brashi laini, hakuzigusa kwa kitambaa chenye maji. Zile zilizonata kwenye albamu ya gundi, albamu zile za kurasa zenye plastiki ambazo kila nyumba ilikuwa nazo, alizitoa kwa uzi wa kusafishia meno. Aliupitisha nyuma ya picha polepole, mkono huku na mkono huku, mpaka picha ikaachia yenyewe. Ile iliyoganda kwenye kioo hakuibandua kabisa. Alisema, "Dada, hii nikiivuta, uso unabaki kwenye kioo," akaiskani na kioo chake. Ningekuwa mimi ningeivuta.

Niliomba nukta 600 kwa inchi, kwa sababu binamu yangu anayefanya kazi ya uchapishaji Industrial Area alinionya nisikubali 300. Ukiskani kwa 600, picha ndogo ya inchi tatu na nusu kwa tano inakupa upana wa nukta 2,100 na urefu wa 3,000. Hiyo inatosha kuichapisha kubwa maradufu na bado ikasimama. Negativu tulizokuwa nazo, zile za mraba za kamera za zamani, aliziskani kwa kiwango cha juu zaidi, na humo ndimo nilimokuta hazina. Kwenye karatasi, mlango wa pikapu ulikuwa doa jeusi tu. Kwenye negativu nilisoma maandishi ya brashi, rangi nyeupe, herufi zimeinama kidogo upande wa kulia: jina la babu, na chini yake "MAJENGO NRB". Herufi J ina mkia mrefu unaozunguka hadi chini ya kitasa. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba gari lile lilikuwa na jina ubavuni. Baba mwenyewe alikuwa amesahau.

Picha za rangi za miaka ya sabini zilikuwa zimegeuka nyekundu kote, kama zimepakwa udongo wa Limuru. Kijana alinieleza kwamba rangi ndani ya karatasi hizo ni tatu, na ile ya samawati ndiyo iliyotangulia kufifia, ikaiacha nyekundu itawale. Alizirudisha kwa kusawazisha rangi zilizobaki, bila kuchora kitu. Pikapu ikatoka ya buluu hafifu, na nyanya alipoiona alisema, "Ndiyo hiyo, rangi ya mbingu ya asubuhi." Kwa sehemu hii nawapa nyota tano bila kusita.

Sasa nije kwenye kilichoniuma.

Nilikuwa nimechagua picha sita zifufuliwe. Moja ni ile tunayoipenda kuliko zote: babu amesimama mguu mmoja juu ya bampa, kofia mkononi, anacheka, na utingo wake amekaa juu ya magunia nyuma. Karatasi ilikuwa imekunjwa katikati na ina mikwaruzo. Niliporudishiwa ilikuwa safi, inang'aa, mikunjo hakuna. Nilifurahi pale pale kaunta. Nikamlipa, nikashukuru, nikapanda matatu kurudi nyumbani.

Nyanya alishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, gari ni letu. Huyu mwanamume ni nani?"

Nikaichukua nikaitazama vizuri, nikailinganisha na karatasi. Babu alikuwa na mwanya. Mwanya mpana wa meno ya mbele, ule ambao nyanya husema ndio uliomfanya akubali posa. Kwenye picha iliyofufuliwa mwanya umezibwa, meno yamepangika kama ya tangazo la dawa ya meno. Mashavu yamejazwa, na mikunjo ya macho, iliyotokana na jua la barabara za vumbi, imefutwa. Nikaangalia mlango wa gari: pale penye "MAJENGO NRB" sasa kulikuwa na alama zinazofanana na herufi lakini hazisomeki katika lugha yoyote. Namba ya gari nayo, zile namba za zamani za herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, ilikuwa imegeuka kuwa namba nyingine.

Hawakuwa wametengeneza picha yetu. Walikuwa wameipitisha kwenye programu ya akili unde, na programu ile haijui babu alikuwa nani. Inapokutana na sehemu isiyoonekana vizuri, inajaza kwa kubuni kutokana na maelfu ya nyuso na magari iliyofunzwa nayo. Kwa mtu asiyemjua babu, matokeo ni mazuri sana, na hilo ndilo linaloniogopesha. Wajukuu wa watoto wangu wangeirithi picha ile wakiamini kwamba babu yao mkuu alikuwa na sura ile.

Nilirudi kesho yake. Mwenye studio alikuwa mkali mwanzoni, akisema wateja wote wanapenda hivyo. Nikamwonyesha mwanya kwenye karatasi na meno kwenye kioo cha kompyuta, nikamwambia maneno ya nyanya. Akatulia. Bahati nzuri yule kijana alikuwa ameweka faili za skani kama zilivyotoka kwenye mashine, hajazigusa. Akazifanyia kazi upya kwa mkono, akiondoa mikwaruzo na mkunjo tu, uso hakuugusa. Zilitoka hazing'ai sana, kuna sehemu mkunjo bado unaonekana kwa mbali, na ndizo picha bora nilizowahi kuzishika. Fedha ya ziada hawakuniomba, na hilo ni la kushukuru.

Kuna jambo la pili. Siku chache baadaye mpwa wangu aliniletea simu: picha ya babu, ile ya mwanya uliozibwa, imewekwa kwenye ukurasa wa studio kama tangazo la kazi yao. Hakuna aliyetuuliza. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria, picha ya mume wa mtu haibandikwi ukutani pasipo hodi. Nilipowapigia waliiondoa siku hiyo hiyo na kuomba radhi. Ukiwapelekea picha zako, au ukipeleka studio nyingine yoyote, waandikie mapema kwamba hutaki zitumike.

Niliposhiriki picha na ukoo kwenye WhatsApp nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nilizituma kama picha za kawaida. WhatsApp ilizibana, na yale maandishi ya mlango yakarudi kuwa doa. Nikazituma tena kama dokumenti, faili kamili, na zile halisi nikaziweka kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa shangazi Mombasa.

Baada ya hapo simu haikunyamaza siku tatu. Ami alituma ujumbe wa sauti wa dakika tisa akieleza kwamba gia ya 404 ilikuwa kwenye usukani, ndiyo maana kiti cha mbele kilikaliwa na watu watatu bila mtu kubanwa magoti. Akakumbusha jinsi babu alivyojivunia Safari Rally, mashindano ya magari. Peugeot 404 ilishinda mashindano hayo mwaka 1963, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968 mfululizo, mawili kati ya hayo ikiendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanzania. Babu alikuwa akisema gari lake ni ndugu wa tumbo moja na lile la Shankland, tofauti yao ni kwamba la kwake linabeba vitunguu. Ami ndiye aliyekuwa makanga pikapu hiyo ilipofungwa bodi ya mabati na mabenchi mawili ikawa matatu, baada ya Rais Kenyatta kuruhusu matatu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni maalumu. Picha hiyo ipo pia: ami ana miaka kumi na saba hivi, ananing'inia nyuma, shati limejaa upepo.

Na picha moja ilizua ubishi mtamu. Baba ameshikilia miaka yote kwamba picha yake akiwa na kanzu mpya siku alipotoka jandoni ilipigwa 1968. Lakini baada ya kuskaniwa, nyuma ya bega lake pameonekana pikapu ya jirani, nayo ni Datsun 1200. Binamu akaandika kwamba Datsun 1200 zilianza kutengenezwa 1970, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Baba akakaa kimya nusu siku. Kisha akajibu kwamba kama ndivyo, basi si yeye aliye ndani ya ile kanzu, ni mdogo wake. Shangazi akathibitisha: kovu la kidevuni ni la baba mdogo, aliyefariki akiwa kijana, na ambaye tuliamini hana hata picha moja. Tulikuwa nayo siku zote, imeandikwa jina la mwingine nyuma.

Niliichapisha hiyo kubwa, kwenye karatasi nzito isiyong'aa, na ile ya babu mguu juu ya bampa pia. Uchapishaji ulinigharimu shilingi 1,200 kwa zote mbili pamoja na fremu, na safari hii nilimwambia fundi wa fremu aweke karatasi nene kando kando ili picha isigusane na kioo. Nyanya ameitundika ya babu mkabala na kitanda chake. Asubuhi akiamka huusoma ule mlango kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa sababu macho yake bado yanaiona J yenye mkia.

Bado kuna bahasha moja ya negativu kwa shangazi, atanitumia kwa basi Ijumaa. Nitazipeleka studio ile ile, kwa kijana yule yule. Juu ya bahasha nimeshaandika kwa kalamu nene: SKANI TU, USO USIGUSWE.