Uzoefu wangu na vifaa vya bei nafuu vya kusafishia bunduki katika ukungu wa Mufindi

Baba alipofariki aliniachia shamba la chai na mahindi huku Mufindi, pamoja na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, namba 12 (kipimo cha upana wa mtutu), ambayo niliruhusiwa kuimiliki kisheria baada ya polisi kukamilisha taratibu za kubadilisha umiliki. Risasi zake ni ghali, kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa kununua mashine ndogo ya mkono na kujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika, kama wanavyofanya wawindaji wengi wa Marekani majumbani mwao. Nilipouliza kituoni nilielezwa bila kuzungushwa kwamba kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Niliachana na wazo hilo siku ile ile, na fedha niliyokuwa nimeitenga nikaielekeza kwenye jambo ambalo bunduki yenyewe ilikuwa ikililia, yaani usafi.

Wanaoishi nyanda hizi wanaelewa kwa nini nasema ilikuwa ikililia. Mvua za Mufindi huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Mei, kisha hufuata miezi ya baridi ambayo ukungu na manyunyu hushinda juu ya chai hadi saa nne asubuhi. Chuma kisicho na mafuta hakidumu katika hewa ya namna hiyo. Bunduki ya baba ilikuwa imehifadhiwa miaka mingi ndani ya ala ya ngozi, naye aliamini kwamba anaitunza, kumbe ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Nilipoitoa, sehemu ya nje ya mtutu wa kushoto ilikuwa na vidonda vya kutu ambavyo havitaondoka tena.

Niliagiza kifuko cha vifaa kutoka kwa muuzaji wa silaha wa Dar es Salaam, kikaletwa kwa basi hadi Mafinga. Nililipa shilingi 48,000, na nauli ya kifurushi shilingi 5,000. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya alumini ya vipande vitatu vinavyounganishwa kwa hesi, brashi moja ya shaba nyeusi, brashi ya sufu ya kupakia mafuta, kichwa chenye tundu la kupitishia kitambaa, chupa ndogo ya kiyeyusho, chupa ndogo ya mafuta na vitambaa ishirini na vitano vya pamba.

Brashi ya shaba nyeusi ndiyo iliyonifanya nione kwamba fedha yangu haikupotea. Shaba hiyo ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo inakwangua masizi ya baruti, mabaki ya plastiki ya kifuniko cha marisau na utando wa madini ya risasi ulioganda bila kuchuna chuma chenyewe. Kabla ya kuipata nilikuwa nimeshauriwa nitumie stilwaya ya kusugulia masufuria, na ninamshukuru Mungu kwamba sikufanya hivyo.

Fimbo haikunipendeza. Alumini ni laini, na chembe za mchanga zikinasa juu yake huigeuza kuwa tupa ndani ya mtutu, hivyo ni lazima uifute kila inapotoka. Zaidi ya hapo, mara ya kwanza niliisukuma brashi hadi katikati ya mtutu, kisha nikajaribu kuirudisha nyuma. Nyuzi zake ziligoma kupinda, fimbo ikafunguka kwenye kiungo na brashi ikabaki ndani. Mzee mmoja jirani yangu, mhifadhi wa wanyamapori aliyestaafu, ndiye aliyeitoa kwa ufito wa mti mgumu. Alinifundisha kanuni ambayo haikuandikwa popote kwenye kifuko: brashi iingie upande wa nyuma, inapowekwa risasi, na isirudi mpaka iwe imetokeza yote mdomoni mwa mtutu. Tangu siku hiyo haijanasa.

Brashi ilipoanza kulegea nilipata usumbufu mwingine. Niliyoinunua kama mbadala ilikuwa ya mtindo wa Kiingereza, na fimbo yangu ilikuwa ya hesi ya Kimarekani, kwa hiyo hazikukubaliana kabisa, ingawa zote mbili zimeandikwa namba 12. Fundi wa kukereza vyuma pale Mafinga alinitengenezea kiungo cha shaba kwa shilingi 10,000. Anayenunua leo apime hesi kabla ya kulipa.

Vitu vingine vyote vilivyomo kwenye kifuko unaweza kuvipata nyumbani, na hapa ndipo mwenye kipato kidogo anapookoa fedha. Vitambaa vilipokwisha nilikata flana kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri, na sijaona tofauti. Kiyeyusho kilipokwisha nilitumia mafuta ya taa kulainisha masizi, nikiwa nje ya nyumba na mbali kabisa na jiko, kisha nikayafuta hadi mtutu ukauke, kwa sababu mafuta ya taa hayawezi kulinda chuma dhidi ya kutu. Kwa ulinzi, mafuta mapya ya mashine ya cherehani yanatosha. Nawasihi wenzangu wasitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, kwa kuwa ina asidi na chembe za chuma, wala mafuta ya alizeti ambayo huku kwetu yako kila jikoni. Ya alizeti hung'arisha siku mbili tatu, kisha hukauka na kuwa gundi, na bawaba ya bunduki ya baba ilikuwa imeshikwa na gundi ya namna hiyo hasa.

Kiasi cha mafuta pia kina athari zake. Awali nilipaka mengi nikidhani ndiyo ulinzi, nikaisimamisha bunduki kabatini mdomo juu, na baada ya wiki chache mafuta yalikuwa yameteremka hadi kwenye mbao za kitako na kuzilainisha pale zinapokutana na chuma. Sasa napitisha utando mwembamba tu, na siku ya kwanza naisimamisha mdomo chini juu ya kitambaa.

Mzee huyo huyo alinieleza kwa nini wenye magobore, yanayotumia baruti nyeusi, huyasafisha kwa maji ya moto. Mabaki ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, na chumvi huyeyuka kwenye maji wala si kwenye mafuta, hivyo anayepaka mafuta juu yake anaifungia kutu ndani. Risasi za kisasa hazina tatizo hilo kwa kiasi hicho, lakini zile za zamani sana zenye viwashio vya klorati, yaani kemikali inayowasha baruti, huacha chumvi ya aina hiyo.

Kazi yote hunichukua nusu saa. Naanza kwa kuifungua bunduki na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba vyumba vyote viwili vya kuwekea risasi ni vitupu, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine. Namaliza kwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Kabla ya kuanza kusugua natazama pia ndani ya kila mtutu kuelekea kwenye mwanga. Mwezi wa Machi, katika mtutu wa kulia, mwanga haukupita: nyigu walikuwa wamejenga kichuguu cha udongo karibu na mdomo. Risasi ikipigwa kwenye mtutu ulioziba, mtutu unaweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji. Niliusukuma udongo ule kwa fimbo ile ile ya alumini ninayoilalamikia, na ndiyo sababu sijaitupa, ingawa nikisafiri tena kwenda Dar es Salaam nitanunua ya shaba ya kipande kimoja.